Sanduku la Tatu

Kila asubuhi kabla ya kengele, Kaliroi alifungua darasa la sita, akasukuma dirisha lililozoea kukwama, akachukua chupa ya kunyunyizia na kuanza kuwapa maji wafu wake. Ndivyo alivyoyaita moyoni yale masanduku manne ya mbao yaliyopangwa chini ya ramani ya Bahari ya Kati. Mchanga ukikauka sana hutimua vumbi na watoto hupiga chafya. Ukilowa sana kuta za shimo hubomoka. Kiasi chake alikuwa amekijua. Sanduku la kwanza lilikuwa la Wafoinike, la pili la Wamisri, la tatu la Krete yenyewe ya zamani, la nne la Warumi. Vyungu alivinunua kwa mfinyanzi, akavichora pweza na ndege kwa mkono wake juu ya meza ya jikoni, akavivunja kwa nyundo huku vikimuuma, kisha akavizika tabaka juu ya tabaka ili watoto wavifukue kwa vijiko na brashi.

Asubuhi hiyo alinyunyizia la kwanza, akanyunyizia la pili. Kwenye la tatu maji hayakuzama. Yalitandaa juu na kumeremeta kama yamemwagika kwenye sahani.

Akainama. Sanduku lilikuwa limejazwa zege, tena si la kumwaga ovyo. Lilikuwa limesawazishwa kwa mwiko ukingo hadi ukingo, kazi safi ya fundi asiyeweza kulipua kazi hata anapotenda ubaya. Kijiko kimoja cha watoto kilikuwa kimezama humo, kikabakia mpini tu. Kaliroi akaushika mpini na kuuvuta. Haukutikisika.

Watoto wakaingia kwa kelele zao, na kelele zikafa mlangoni.

"Mwalimu, leo tunachimba kwa sururu?" aliuliza Stratis, mchekeshaji wa darasa.

Wachache wakacheka, kisha wakaacha. Walikuwa watoto wa kijiji hicho. Zege walilijua, na walijua humwagwa juu ya nini. Mmoja wao hakusogea hata kuja kutazama. Rodanthi, ambaye kundi lake ndilo lililokuwa na sanduku la tatu, alikwenda moja kwa moja kwenye dawati lake, akatoa rula, akatoa penseli, akaziweka sambamba mbele yake, na macho yake hayakuondoka hapo.

"Kaeni," alisema Kaliroi. Sauti yake ilikuwa ndogo siku zote, na siku hiyo ilikuwa ndogo zaidi. "Fungueni kitabu cha hesabu."

Alipokuwa anageukia ubao, alikumbuka siku ya kwanza ya uchimbaji, na alichokiona kichekesho siku ile sasa hakikumchekesha.

Siku ile aliwapa vijiko akawaambia wachimbe taratibu. Akapita kati yao akingoja ile furaha aliyoisoma chuoni, mtoto kupiga ukelele, "Nimepata!" Hakupiga ukelele mtu. Kundi baada ya kundi aliliona jambo lile lile: kijiko kikigonga kigae, mtoto husimama kidogo, hutazama kulia na kushoto, kisha hukirudishia mchanga na kuusawazisha kwa kiganja.

"Mmepata nini?"

"Hakuna kitu, mwalimu."

"Lakini nimesikia kimegonga."

"Jiwe tu, mwalimu. Hakuna kitu."

Hakuna aliyewafundisha darasani. Walikuwa wamefundishwa nyumbani, bila neno, kama mtoto anavyofundishwa kutotazama ndani ya chungu cha jirani. Katika uwanda ule wa Mesara, kusini mwa Krete, hakuna aliyechimba kisima, choo, au shimo la mzeituni asikutane na watu wa kale, na kila aliyekutana nao alifanya hivyo hivyo: alitazama kulia na kushoto, akafukia, na ikiwezekana akamwagia zege kabla habari haijafika idara ya mambo ya kale, mjini Iraklio. Idara ikija, hufunga kiwanja. Kikishafungwa, baba anaweza kufa na mtoto akazeeka, na uzio bado upo.

Kaliroi alikuwa mgeni wa mkataba wa mwaka mmoja, na siku ile alicheka, akawaeleza kwamba hapa, kwenye sanduku, kupata ni ushindi. Iliwachukua muda kuamini. Rodanthi ndiye aliyeamini wa kwanza. Alijifunza kufagia kwa brashi bila kusukuma, kuchora kitu mahali kilipo kabla ya kukigusa, na hata kuwakemea wenzake: "Usikitoe bado, wewe. Kikitoka mahali pake kimekuwa bubu."

Na jana yake, kundi la Rodanthi lilipata kigae ambacho Kaliroi hakukizika.

Alikitambua mara moja, kama mama anavyomtambua mtoto asiye wake kati ya wanawe. Pweza aliowachora yeye walikuwa na macho ya huruma na mikono minene. Kigae hiki kilikuwa na mstari mweusi uliojikunja kwa mkono usiositasita, na upande wa ndani, katika udongo uliokauka zamani kuliko hesabu za darasa, mlikuwa na alama ya kidole gumba cha mtu. Kwenye mivunjiko yake kulikuwa na udongo mwekundu. Mchanga wa masanduku ulikuwa mweupe, wa pwani.

Alinyamaza. Kosa lake lilikuwa kunyamaza kwa muda mrefu mbele ya watoto. Kisha akasema, "Tutakichora kesho. Kiacheni mahali pake," kwa sababu hiyo ndiyo kanuni aliyowafundisha, na Rodanthi akamtazama kwa macho makubwa, kama mtu aliyeweka mzigo mlangoni kwa mwenziwe na kukimbia.

Katika kijiji kile habari haikuhitaji miguu. Kabla ya chakula cha jioni kila nyumba ilishajua kwamba mwalimu aliishiwa maneno juu ya sanduku la tatu. Na baba yake Rodanthi, Manousos, fundi aliyekuwa akirekebisha paa la shule bila malipo, alikuwa na ufunguo.

*

Wakati wa mapumziko mwalimu mkuu, Zaharias, alisimama juu ya sanduku, mikono nyuma, kama mtu aliyefika kwenye maziko ya mtu asiyempenda.

"Ajali," alisema. "Fundi alikuwa na zege la paa. Limemwagika."

"Ndani ya sanduku moja tu, mwalimu mkuu? Na likajisawazisha?"

"Binti yangu." Akashusha pumzi. "Mimi nimezaliwa hapa na nitazikwa hapa. Wewe mwezi wa sita unafunga begi unakwenda kisiwa kingine. Wakija wazazi kukuuliza, sema ni ajali. Halafu hii michezo ya mashimo uiache. Wafundishe Wamisri kwenye kitabu. Wamisri wa kitabuni hawajawahi kumfungia mtu kiwanja."

"Ndani mle mna kigae cha kweli."

"Sijasikia."

"Nimesema mna kigae cha—"

"Na mimi nimesema sijasikia." Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa na uchovu, na hilo lilimtisha Kaliroi zaidi. "Manousos anamjengea Argiro, binti yake mkubwa. Harusi ni Septemba. Hapa baba hamtoi binti bila paa. Kwenu sijui mnawatoa vipi. Hapa baba akishindwa kumjengea binti, hata kwenye mkahawa hakai tena na wenzake, hukaa na wazee vipofu wasiomwona. Unataka kumfanyia hivyo kwa ajili ya sufuria iliyovunjika?"

Kaliroi alitaka kusema kwamba si sufuria. Alitaka kusema kwamba kama kigae kile kilitoka kwenye msingi wa nyumba ya Argiro, basi chini ya msingi huo pana kitu kinachosubiri kuzikwa mara ya pili, na safari hii milele. Alisema, "Ndiyo, mwalimu mkuu. Labda tutazungumza baadaye." Ndivyo alivyokuwa. Maneno yake makubwa yalikuwa yanafika mpaka kwenye meno, yanapiga hodi, kisha yanarudi.

Shule ilipofunga alipitia duka la mkate. Mikate ilikuwa imejaa rafuni, ya moto, harufu yake imefika barabarani.

"Mkate umekwisha," alisema muuzaji.

Kaliroi aliitazama mikate. Muuzaji naye aliitazama.

"Hiyo imeagizwa," akaongeza.

"Mpe tu kipande," ilisema sauti nyuma yake. "Anapenda vipande." Alikuwa Garifalia, mkewe Manousos, amekumbatia mikate ya watu wengi. Wanawake wawili waliokuwa wakichagua jibini waliinamisha vichwa ili wasionekane wanacheka. "Kesho asubuhi lori la zege linakuja kwetu, binti. Nawapikia mafundi. Ungependa kuja kula? Tutakuwa tunasherehekea msingi. Au wewe husherehekea mashimo tu?"

"Mama Argiro, mimi sina ubaya na—"

"Huna ubaya." Garifalia alimsogelea, na sasa sauti yake haikuwa ya dukani tena. "Mwanangu wa miaka kumi na moja tangu jana hali chakula changu. Usiku halali. Ananitazama kana kwamba mimi ndiye mwizi. Mwaka jana alikuwa mtoto. Ukamfundisha kutumia brashi. Sasa nenda, mwalimu, nenda kabla sijakutupia huu mkate, ni dhambi kutupa mkate."

*

Kesho asubuhi. Kaliroi alitembea na neno hilo la Garifalia mpaka mwisho wa barabara ya lami, na badala ya kukunja kwenda kwake, miguu ikampeleka kwenye kiwanja.

Msingi ulikuwa umechimbwa, nondo zimesukwa, na udongo uliotupwa pembeni ulikuwa mwekundu kama paprika. Kwenye kona moja ya mtaro, nondo zilikuwa zimefunikwa turubai la bluu, nalo limekandamizwa kwa mawe pande zote; pembeni ulichungulia mstari wa mawe yaliyochongwa. Mahali pengine pote mtaro ulikuwa wazi. Jirani yake kulikuwa na kiwanja kilichozungushiwa uzio wenye kutu. Kibao cha idara kilikuwa kimepauka mpaka kikawa cheupe, na ndani mti wa tini ulikuwa umeota katikati ya mawe ya mtu wa kale, ukayapasua.

Manousos alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mwili mkubwa, mashati mawili moja juu ya jingine, masharubu yenye vumbi la saruji. Hakusimama. Alivuta ndoo nyingine kwa mguu.

"Kaa."

"Asante, nitasimama."

"Ukisimama hunywi, na usipokunywa umenitukana ndani ya kiwanja changu. Sababu za kukuchukia ninazo za kutosha, usiniongezee." Akageuka. "Rodanthi! Lete raki. Na tango, tuna mgeni."

Kaliroi akakaa. Rodanthi akatokea nyuma ya mashine ya kuchanganyia zege akiwa na sinia: chupa ndogo ya pombe hiyo kali, glasi mbili, tango lililokatwa na zeituni. Aliliweka sinia juu ya tofali, kisha, kwa kuwa hakuambiwa aondoke, akalinyanyua tena na kusimama nalo.

Manousos akamimina. "Kwa afya. Hata adui hunywa kwangu." Akanywa. Kaliroi akanywa nusu, ikamuunguza mpaka masikioni.

"Nimesikia sanduku la watoto limepata ajali," alisema Manousos.

"Limesawazishwa vizuri sana."

"Mtu akifanya kazi, aifanye." Akatema kokwa ya zeituni mtaroni. "Umekuja na nini?"

"Nilifikiri labda… pengine ingefaa tuzungumze, kama una nafasi, kuhusu kile kipande ambacho huenda—"

"Labda, pengine, huenda. Unazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Nikuulize mimi, basi. Nani alikileta?"

Kaliroi hakumtazama mtoto. Alikuwa amejizuia kumtazama tangu alipofika. "Mimi," alisema. "Nilipita hapa Jumapili, nikakiona kwenye kifusi, nikakiokota. Nilikosea. Sikuomba ruhusa."

"Jumapili."

"Ndiyo."

"Jumapili tulikuwa hapa kutwa nzima, mimi na shemeji zangu wanne, tunachoma mwanakondoo. Hata paka aliyepita tulimpa mfupa." Hakuinua sauti. "Unajua kuvunja vyungu, mwalimu. Kusema uongo hujui. Rudi chuoni."

Sinia likalia, glasi ikagonga chupa.

"Unaona kile?" Manousos alionyesha uzio kwa kidevu. "Cha ndugu yangu Kanakis. Alikuta mawe mawili yamesimama. Mawili. Mke wake akamwambia fukia. Yeye akaenda akanyoa, akavaa shati la harusi, akapanda basi kwenda Iraklio kuwaambia mwenyewe. Mwenyewe, unanisikia? Wakampa mkono. Wakamwita raia mwema. Kisha wakaja na kamba, wakaja na uzio, wakachimba kiangazi kimoja, wakaondoka na makapu, hawakurudi. Raia mwema sasa anapaka rangi nyumba za watu Ujerumani, na hapa hana hata banda la kuku. Kila asubuhi nikija kazini mtini ule unanicheka."

Kaliroi aliutazama mtini. Alikuwa amekuja na maneno aliyoyapanga njiani, kwamba mtu akitangaza mwenyewe hutazamwa vizuri, kwamba ramani ya nyumba inaweza kusogezwa. Sasa yalikuwa kama vyungu vyake vya jikoni, yamechorwa vizuri na hayakuwa ya kweli. Alichojua ni kwamba Manousos hakuwa mtu mbaya, na angependa sana awe mbaya.

"Nilikiweka mimi," alisema Rodanthi.

"Nyamaza."

"Nilikiweka mimi, baba. Nilikitoa pale." Mikono yake ilikuwa na sinia, kwa hiyo alionyesha turubai kwa kichwa. "Kwenye sanduku la mwalimu kitu kinaruhusiwa kuonekana."

Manousos alisimama, na ndoo ikaanguka nyuma yake. Kwa muda aliwatazama wote wawili kana kwamba hajui aanze na yupi.

"Unajua ulichomfanyia dada yako?"

"Najua."

"Argiro yuko mjini sasa hivi anachagua vigae vya bafu. Anachagua rangi. Unajua?"

"Najua, baba." Machozi yalikuwa yanamtiririka, na kwa kuwa hakuweza kuyafuta aliyaacha yadondoke kwenye tango.

"Umeona, mwalimu?" Sasa alimgeukia Kaliroi, na ule ukarimu wa mwenyeji ukaisha. "Ndiyo kazi ya vijiko vyako. Umemfundisha mtoto kuchimba chini ya baba yake. Sikukutupia jiwe, sikukuvunjia dirisha, nimekusawazishia sanduku lako ili uelewe kwa upole. Sasa sikiliza kwa masikio. Nyanyuka, nenda nyumbani. Kesho lori likipita usichungulie mlangoni. Ukiulizwa na mtu yeyote, huku hukufika. Na hapa hakuna kitu." Akamgeukia bintiye. "Sema. Hapa kuna nini?"

Rodanthi alirudi hatua moja nyuma.

"Nimekuuliza, kuna nini hapa?"

Mtoto alitazama turubai. Kisha, polepole, alishusha sinia kwenye tofali, na kiganja chake cha kulia kikaanza kwenda huku na huku juu ya ukingo wa sinia, kikisawazisha kitu ambacho hakikuwapo. Midomo yake ilishaanza kuumba neno la kwanza.

Kaliroi aliuona mkono ule. Alikuwa ameutazama siku ya kwanza mkono ule ule, juu ya mchanga mweupe, akacheka. Akainuka. Maneno yakafika kwenye meno kama kawaida na kupiga hodi.

"Kuna ukuta," alisema.

Manousos alimgeukia taratibu.

"Usimlazimishe yeye aseme hakuna. Kuna ukuta, Bwana Manousos, upo pale chini ya turubai, wewe unaujua na mimi naujua na kijiji kizima kinaujua. Nilikuja kukuomba uwaambie wewe mwenyewe, nikaogopa kuomba, nikaanza kuzunguka. Sasa siombi. Ofisi ya Iraklio haijafungwa. Nitapiga simu leo, na nitataja jina langu, si la mtoto. Unichukie mimi."